Mbunge Mbele ya Mlango wa Leba



Nitaanza na takwimu, kwa sababu ndizo zinazotajwa zaidi bungeni na ndizo zinazosomwa kwa haraka zaidi. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa katika kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania, wanawake 556 walifariki kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Wanaojifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano walishuka kutoka 67 hadi 43 katika kila 1,000. Mwezi Februari 2025 Taasisi ya Gates ilimkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan tuzo jijini Dar es Salaam kwa kazi hiyo. Nafurahi kuyasema haya, maana nyuma ya kila tarakimu kuna mkunga aliyekesha.

Sasa soma ukurasa unaofuata wa ripoti hiyohiyo. Watoto wachanga waliofariki kabla ya kutimiza siku 28 walikuwa 25 katika kila 1,000 mwaka 2015/16. Mwaka 2022 walikuwa 24. Kwa muda wote huo tumeokoa mmoja zaidi katika kila 1,000. Maana yake ni kwamba mama amesikia wito, amefika kituoni, lakini alichokikuta pale hakikutosha kumvusha mtoto wake. Na hata ile 104 haijafunga mjadala, kwa kuwa mashirika ya Umoja wa Mataifa yalipokadiria hali ya mwaka 2020 yalipata 238. Njia za kukokotoa zinatofautiana, hilo linaeleweka, lakini pengo ni kubwa mno kupitwa kimya. Mbunge anayeipigia makofi 104 na asiulize 238 ilitoka wapi ameiacha kazi yake katikati.

Kazi hiyo ni ipi hasa? Ndilo nililokuja kulizungumza. Tumezoea kumpima mbunge kwa alichokileta: vitanda, mashuka, gari la wagonjwa lililopambwa utepe. Mimi nitamtetea mbunge wa aina nyingine, anayejua fedha ya leba imepita wapi mpaka ikafika, au ilikwama kwa nani.

Kwa nini mzigo huu umwangukie mbunge, na si hakimu? Kwa sababu Katiba yetu imepanga hivyo. Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kuwasaidia watu wakati wa uzee na maradhi. Lakini ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Ibara ya 14 inalinda uhai, na mawakili wetu wanaweza kuijaribu, ila njia iliyonyooka ya kudai huduma ya uzazi mahakamani haipo. Mama wa Kenya ana ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, inayotaja afya ya uzazi kwa jina. Mama wa Tanzania ana Bunge.

Tazameni pia yaliyotokea Uganda. Mwaka 2011 asasi ya kiraia na ndugu wa wanawake wawili waliofariki wakijifungua walikwenda Mahakama ya Katiba. Mmoja wa wanawake hao alikuwa diwani wa kuchaguliwa wa wilaya ya Arua. Alitokwa damu hadi kufariki ndani ya hospitali. Mahakama ikayatupa maombi yao mwaka 2012, ikisema hayo ni mambo ya siasa yasiyoihusu. Walalamikaji wakakata rufaa, Mahakama ya Juu ikarudisha shauri lisikilizwe, na mwezi Agosti 2020 uamuzi ukatoka: kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Kisha majaji wakaamuru nini? Serikali itenge fedha za kutosha za huduma ya uzazi katika mwaka wa fedha unaofuata, na Bunge lipelekewe taarifa ya ukaguzi. Miaka tisa ya mashauri, na mwisho wa safari hoja ikarudi mezani kwa wabunge.

Hapa kwetu mbunge ana nguvu gani? Ibara ya 63 inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, kumuuliza waziri yeyote swali, na kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti. Ni mamlaka mapana. Lakini ibara ya 99 inayabana: mbunge hawezi kwa hiari yake kuanzisha hoja ya kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, anaweza kupunguza, kuongeza hapana, mpaka pendekezo litoke kwa Rais kupitia kwa waziri. Na ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likiikataa bajeti ya Serikali. Kwa hiyo mbunge anayesubiri mwezi wa Mei, asimame dakika zake kumi na kulia kwamba kituo chake cha afya hakina chumba cha upasuaji, amechelewa. Anaweza kutikisa kwa kushikilia shilingi ya mshahara wa waziri, apate ahadi, airudishe. Vitabu vya bajeti vimeshachapwa.

Mlango uliobaki wazi uko mapema zaidi, na watu wengi hawaujui. Mwezi Novemba Bunge hujadili mwongozo wa mpango na bajeti ya mwaka ujao. Huko ndiko vipaumbele hupangwa. Januari na Februari halmashauri hupitisha makisio yao, na mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani. Narudia kwa ajili ya vijana walioko hapa: mbunge ni mjumbe halali wa baraza lile, ana kiti na ana sauti. Mwezi Machi kamati za kudumu hukaa na wizara kabla ya mkutano wa Aprili. Mbunge anayeingia kwenye vikao hivyo vitatu akiwa na karatasi iliyoandikwa mahitaji ya leba za jimbo lake amefanya zaidi ya aliyerushwa kwenye televisheni akihutubia kwa hasira.

Karatasi hiyo iandikwe nini? Twendeni leba, saa nane usiku, kituo cha afya cha kata.

Mama amejifungua salama, mtoto analia, kondo la nyuma limetoka, na damu haikati. Kutokwa damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa wauaji wakubwa wa wazazi, na mama aliyekuwa mzima anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Muuguzi yuko peke yake zamu hiyo. Mwenzake kibali cha ajira hakijatoka. Anahitaji sindano ya oksitosini. Dawa hiyo inaharibika kwa joto, inatakiwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na friji inataka umeme usiokatika. Anahitaji dripu. Anahitaji kujua damu iliyotoka ni kiasi gani, kwa sababu macho hudanganya na kanga hunyonya. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania kwa wanawake zaidi ya 200,000: wakunga waliotandika chini ya mzazi mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, na damu ilipofika kiwango cha hatari wakampa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, walipunguza matukio ya damu kutoka kupita kiasi, upasuaji wa dharura na vifo kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki na utaratibu wa kazi, basi. Je, mfuko huo umo kwenye maagizo ya kituo chako kwenda Bohari ya Dawa? Hilo ni swali la mbunge, na diwani pia.

Damu isipokata, mama apewe rufaa. Hapa tumepiga hatua ya kweli. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, unamwezesha muuguzi kupiga namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa lisipopatikana karibu, anatafutwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu akishamfikisha mama hospitali. Dereva asipolipwa mara mbili, mara ya tatu simu haipokelewi. Fedha ya nauli hiyo iko kwenye kasma ipi ya halmashauri, na imetolewa mpaka mwezi gani? Na kule mama anakopelekwa, benki ya damu ina chupa ngapi za kundi lake?

Nimewapitisha humo kwa makusudi. Ajira, dawa, umeme, nauli, damu: kila kimoja kina ofisi yake na kifungu chake cha fedha, na havikai kwenye kitabu kimoja. Siku ya kujadili bajeti ya Wizara ya Afya, wabunge huwa mbele ya Fungu 52. Humo mna sera, Bohari, hospitali za rufaa. Lakini zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri viko chini ya TAMISEMI, ambayo ni Fungu 56, na fedha nyingi zinazovihusu zimeandikwa kwenye mafungu ya mikoa. Leba nyingi za vijijini, basi, haziko kwenye kitabu kinachofunguliwa siku ya afya. Mbunge asiyelijua hilo atamuuliza waziri wa afya swali ambalo majibu yake yako kwa waziri mwingine, na kikao kitaisha.

Kuna kingine kinachonikera zaidi ya hicho. Hotuba zetu hutaja fedha zilizotengwa. Magazeti huandika zilizotengwa. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, nchi nyingi bado ziko mbali na ahadi hiyo, nasi tukiwamo, na kila mwaka tunabishana kuhusu asilimia iliyotengwa. Mama anayetokwa damu haokolewi na fedha iliyotengwa. Anaokolewa na iliyotolewa, ikafika, ikanunua. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi ya kituo, yenye wanakijiji ndani yake, ndiyo inayosimamia matumizi. Mageuzi hayo ni miongoni mwa mazuri kabisa tuliyoyafanya, kwa sababu sasa mtu wa kawaida anaweza kuuliza zahanati yake imepokea shilingi ngapi robo hii na akajibiwa. Mbunge naye anaweza. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hufika bungeni kila Aprili. Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa ina uwezo wa kumwita mkurugenzi wa halmashauri na kumtaka aeleze jengo la wazazi lililokamilika likakaa bila vifaa. Tumejenga sana miaka hii, hata kwa tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021 iliyotuumiza wengi. Majengo yale ni yetu. Tuna haki ya kujua ndani mna nini.

Sasa niseme jambo kuhusu zawadi. Kila uchaguzi ukikaribia, wagombea hukabidhi magari ya wagonjwa na mashine. Siwalaumu wanaopokea, mwenye shida hupokea. Lakini gari bila kasma ya mafuta, matengenezo na posho ya dereva litaegeshwa chini ya mwembe wa hospitali ndani ya mwaka, na wengi wenu mnajua mwembe ninaouzungumzia. Mfuko wa Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, unafaa kwa mambo madogo yaliyokwama: paneli za sola za friji ya dawa, tangi la maji la leba, choo cha wazazi. Haufai kuwa mbadala wa bajeti. Mbunge anayegawa kwa mkono wake kile ambacho sheria ingekileta kila mwaka anawafanya wananchi wamshukuru kwa haki yao.

Nageukia sheria zenyewe, maana mbunge kabla ya yote ni mtunga sheria, na hapa nina manung'uniko.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, inaruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa afikishe 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaubariki uamuzi ule. Bunge la 11 likavunjwa. Bunge la 12 nalo likavunjwa mwaka 2025. Marekebisho hayakupita. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamekwishazaa au wana mimba. Mkunga yeyote atakwambia mwili wa mtoto wa miaka 15 unapitia nini kwenye uzazi pingamizi: nyonga haijakomaa, uchungu unachukua siku, mtoto anachoka, na mama akinusurika anaweza kubaki na fistula, mkojo ukimvuja, mume akamrudisha kwao. Sheria hii haihitaji mfadhili wala chumba cha upasuaji. Inahitaji kura. Nimewasikia wanaosema jamii haijawa tayari, mila na dini ziheshimiwe. Nawaheshimu wazee wetu wa dini, na wengi wao nawajua wamesimama kuwatetea mabinti. Lakini mahakama ya juu kabisa nchini imekwishasema, na kukaa kimya miaka yote hiyo ni uamuzi ambao waliouchukua wanapaswa kuueleza.

Linganisheni na wabunge walivyofanya walipotaka. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi, na mama aliyejifungua njiti akapata nyongeza ya likizo, baada ya wazazi na watetezi wa watoto hao kulisemea jambo hilo kwa miaka. Kabla ya hapo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na wiki nyingi za likizo hiyo aliweza kuzimaliza wodini, mtoto akiwa kifuani kwake, ngozi kwa ngozi. Marekebisho yale yalitoka kwa watu waliokwenda kuzungumza na kamati. Sheria hiyohiyo inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na nina hakika wapo humu ukumbini ambao hawajawahi kuambiwa na mwajiri wao. Mama lishe wa sokoni na mkulima wa mpunga hawamo kabisa ndani ya sheria hii. Wanarudi kazini kidonda cha upasuaji kikiwa kibichi.

Madiwani nanyi ni watunga sheria, kwa sheria ndogo. Kuna vijiji ambako mwanamke aliyejifungulia nyumbani anatozwa faini, na mtoto anakosa huduma ya kliniki mpaka ilipwe. Nia inaeleweka. Matokeo ni kwamba mwanamke aliyezidiwa usiku, mto umejaa, hana nauli, anaadhibiwa kwa umaskini wake, na chanjo ya kwanza ya mtoto inachelewa. Ifuteni. Badala yake simamieni ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano ambayo kila halmashauri ilikubali kuitenga kwa lishe chini ya mkataba wa lishe. Ulizeni mwezi huu imetolewa ngapi. Watoto watatu kati ya kumi nchini wamedumaa, na wanawake wanne kati ya kumi wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Hao ndio wanaofika leba wakiwa hawana damu ya kupoteza.

Limebaki moja, na ni la dharura. Kwa miongo kadhaa sera yetu imesema huduma za mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Ni sera. Ndiyo maana mama anaambiwa aje na glovu, pamba, wembe, uzi na mpira wa kutandika, na hana kifungu cha kumwonyesha anayemdai. Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, baada ya muswada kuahirishwa zaidi ya mara moja kwa hoja za wabunge wenyewe, na kwa hilo nawapongeza, maana ndivyo usimamizi unavyotakiwa kuwa. Sheria hiyo imetaja wasio na uwezo kuwa watagharamiwa, na imetaja vyanzo, vikiwamo ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, pombe na vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Wakati huohuo, tangu Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada, miradi iliyokuwa ikilipa wahudumu na kugharamia kinga ya maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto imetikisika.

Bima itakapomfikia kila mmoja, msamaha wa mjamzito utabaki wapi? Mwanamke asiye na kadi, asiye kwenye orodha ya kaya maskini, anayefika saa nane usiku damu ikimtoka, atahudumiwa kwa fedha ya nani, na kituo kitarudishiwa gharama yake baada ya siku ngapi? Vituo vyetu vya kata havina akiba ya kusubiri malipo miezi sita. Majibu ya maswali haya yanaweza kuandikwa kwenye kanuni, na waziri ndiye mwenye kalamu, lakini kamati ya Bunge inaweza kumwita azilete mezani kabla mfumo haujasambaa. Naomba kila aliyemo humu mwenye namba ya mbunge wake amwandikie kabla ya vikao vya kamati vya mwezi Machi, ataje zahanati yake kwa jina, na amuulize imepokea shilingi ngapi robo iliyopita.